Alhamisi ni siku ya marejesho

Mwaka 2012 nilikuwa beki namba mbili wa timu ya wanawake ya mtaani kwetu, Tanga, na msimu mzima kinena kiliniuma bila mtu kujua.

Neno hilo nimeliweka mbele makusudi, maana enzi zile nililizunguka kama mtu anayekwepa dimbwi. Nilisema "mguu". Nikisukumwa kidogo nasema "nyonga". Siku moja kocha alinibana hasa, nikamjibu "tumbo", naye, mtu mzima mwenye haya zake, akatazama goli la upande wa pili na kuniambia nipumzike mpaka siku zangu ziishe. Hazikuwa siku zangu. Palikuwa ni pale paja linapoungana na mwili, kwa ndani, upande wa kulia. Palianza na kuchoma kidogo nikishapiga krosi nyingi. Kesho yake pamekaza, kesho kutwa pameachia. Baada ya miezi miwili nilikuwa siwezi kushuka kwenye baiskeli bila kushika tandiko na kuuvuta mguu kwa mkono. Nikigeuka kitandani naamka. Nikipiga chafya natafuta pa kushika.

Na bado nilicheza. Enka ikiteguka unabebwa, uwanja mzima unakuona, habari zinafika nyumbani kabla yako. Kinena hakikuangushi. Kinakuacha umalize dakika 90 ukiwa nusu mtu: krosi hupigi tena, kila mpira unaurudisha kwa kipa, na watu wanasema umeshuka kiwango.

Kwa dawa nilikwenda kwa bibi mmoja wa mtaa wa pili, mkandaji anayesifika. Mafuta ya nazi, maji ya moto yenye chumvi, vidole vyake vikavu kama mizizi. Alinikanda wiki tatu. Sitamsema vibaya, maana nikitoka kwake nilikuwa natembea vizuri. Nikapumzika miezi miwili, nikarudi uwanjani, na katika mechi ya pili nikapiga krosi ya nne au ya tano. Pale pale. Nikapumzika tena, nikarudi, pale pale. Mwisho nikaenda chuo cha ualimu na mpira nikauacha huko nyuma, nikijiambia kwamba nimekua.

Sasa nafundisha biolojia katika sekondari moja nje kidogo ya mji, na timu ya mpira ya wasichana iko mikononi mwangu kwa sababu mwaka ule hakuna mwalimu mwingine aliyeitaka. Wakati Serengeti Girls wanafika robo fainali ya Kombe la Dunia la wasichana chini ya miaka 17 kule India, mwaka 2022, nilipata maombi ya kujiunga na timu kutoka kwa wasichana ambao hawakuwahi kugusa mpira hata wa nailoni. Nikawapokea wote. Baada ya wiki sita nikaanza kuona kitu ninachokijua: winga wangu wa kushoto anashuka ngazi za darasani kwa kutanguliza mguu mmoja kila ngazi, kama mama mwenye ndoo kichwani.

"Nini?"

"Mguu tu, madam."

Nilimpeleka nyuma ya maabara nikamwuliza tena, safari hii kwa jina lake lenyewe. Akaangalia chini, akacheka, halafu akalia.

Ndipo nilipoanza kusoma usiku kwa bando la usiku. Nilikuwa natafuta kitu kimoja: mazoezi gani ya nguvu yanamkinga msichana asipate kinena nilichopata mimi.

Kwanza mwili wenyewe. Darasani nachora hivi: ndani ya paja kuna misuli mitano inayoanzia kwenye mfupa wa kinena na maeneo yake ya karibu, ikashuka na kujishika kwenye mfupa wa paja, na mmoja unapita hadi chini ya goti. Kazi inayoandikwa vitabuni ni kuvuta paja lije ndani. Kazi inayoumiza ni nyingine: kufunga breki. Ukitaka kupiga krosi, mguu unakwenda nyuma na nje, na misuli hiyo inavutika huku imekaza, ndiyo inayouzuia mguu usiende mbali na kuurudisha kwa nguvu kwenye mpira. Ukigeuka ghafla ukimfukuza winga, kazi ni hiyo hiyo. Wanafunzi wangu hawaelewi msuli unawezaje kurefuka huku unakaza mpaka niwaambie wafikirie kushusha ndoo kisimani. Kamba inakwenda chini, lakini mkono umekaza. Ukilegea, ndoo inakutoka. Anayeumia sana ni ule msuli mrefu wa mbele, karibu kabisa na unapojishika kwenye mfupa. Uguse kwa kidole, utaukuta kama kamba ya gitaa.

Kwa hiyo msuli unatakiwa uwe na nguvu ya kushusha ndoo. Kukandwa hakuipi nguvu hiyo, kupumzika kunaipunguza. Mwaka 1999 madaktari wa Denmark walichapisha utafiti wa wanamichezo 68 waliokuwa wameumwa kinena muda mrefu. Kundi moja lilipewa mazoezi ya nguvu, jingine likapewa tiba ya kulala kitandani: kukandwa, kunyooshwa, vyombo vya umeme. Waliorudi michezoni bila maumivu kabisa walikuwa 23 kwa 4. Nilipofika hapo niliweka simu chini. Nilimkumbuka bibi yule na mafuta yake, na miezi yangu miwili ya kulala nikidhani napona.

Katika programu hiyo hiyo, wagonjwa wa mazoezi hawakuruhusiwa kunyoosha misuli ya ndani ya paja. Nawaambia hili makocha wenzangu na hawanipendi. Kuna desturi ya kuwaamuru wasichana wapige msamba kabla ya mechi, na anayeshindwa anasukumwa mabegani na mwenzake mpaka ashuke. Kinena kizima kinaweza kuvumilia. Kinena kinachouma kinachanwa.

Kisha nikakutana na Wanorwe. Mwaka 2019 walichapisha matokeo ya timu 35, wachezaji 652, nusu ya timu zikifanya zoezi moja tu la misuli hiyo, mara tatu kwa wiki kabla ya msimu, mara moja kwa wiki msimu ukiendelea. Hatari ya matatizo ya kinena ilikuwa ndogo kwa asilimia 41 kwa waliofanya. Zoezi moja! Halihitaji chuma wala gym. Linahitaji mwenzako akushike mguu. Linaitwa zoezi la Copenhagen.

Wachezaji wote 652 walikuwa wanaume. Nusu ya ninayoyasoma kuhusu kinena yameandikwa kwa miili ya wanaume, nami nayaazima kwa ajili ya wasichana wa kidato cha pili. Nayaazima kwa kuwa msuli ni ule ule na breki ni ile ile, lakini naazima nikijua ninaazima. Kwa wasichana wenyewe tuna kingine, cha 2008, tena Norway: mazoezi ya kupasha ya dakika 20 yanayoitwa 11+, yaliyojaribiwa kwa karibu wasichana 1,900 wa miaka 13 hadi 17, na majeraha kwa ujumla yakapungua kama theluthi moja. Ni mazuri, na timu yangu inayafanya. Ila katika ule mpangilio wa awali, misuli ya ndani ya paja haikupewa zoezi lake zito, na baadaye watafiti wakaonyesha kwamba ukiiingiza Copenhagen humo ndipo nguvu ya breki inapanda.

Kuna hesabu nyingine ya 2015, iliyokusanya tafiti nyingi: kinena ni asilimia 4 hadi 19 ya majeraha yote katika soka ya wanaume, na 2 hadi 14 katika ya wanawake. Mwalimu mwenzangu wa michezo alinitupia namba hiyo kana kwamba amenifungia goli: unaona, ninyi mna nafuu. Nikamjibu kwamba hesabu nyingi za namna hiyo zinahesabu majeraha yaliyomtoa mtu uwanjani. Uholanzi walipowauliza wanawake wa ridhaa pia kuhusu majeraha ambayo hayakuwazuia kucheza, nyonga na kinena ndivyo vilivyoongoza orodha ya majeraha hayo. Yaani wako uwanjani wanarudisha mpira kwa kipa.

Sasa nikiri kosa langu. Nilipolijua zoezi hilo nilikuwa kama mtu aliyepata simu mpya. Jumatatu moja jioni nikawapanga wasichana 22 wawiliwawili kwenye majani na kuwafanyisha Copenhagen kamili, mizunguko mitatu, marudio kumi kila mguu. Walicheka, walianguka, walimaliza. Jumanne hakuna aliyecheka. Jumatano mstarini nusu ya timu walikuwa wamesimama miguu imetanuka kama wapanda punda, na mkuu wa shule akaniita ofisini kuniuliza, kwa maneno ya kuchagua, ni nini hasa kiliwapata wasichana wake. Nilieleza. Sidhani kama alinisadiki mpaka leo. Wiki mbili hakuna aliyetaka kusikia neno Copenhagen, na mmoja, beki wa kati mzuri sana, alihamia netiboli moja kwa moja.

Kwa hiyo sasa tunapanda ngazi, na hakuna anayeruka hata moja.

Ngazi ya chini kabisa ni mpira. Unalala chali, magoti yamekunjwa, mpira katikati ya magoti, unaubana kwa hesabu ya tano, unaachia. Mara kumi. Hata mwenye maumivu kidogo anaweza, na hata mvivu hana kisingizio.

Ngazi ya pili unalala ubavu kwenye mkeka. Mguu wa juu unakunjwa na kuwekwa mbele, wa chini umenyooka, na huo wa chini ndio unaouinua na kuushusha polepole. Ukiutazama unaonekana mchezo wa watoto. Fanya kumi na mbili uone.

Ngazi ya tatu ni nusu Copenhagen. Unalala ubavu, unajiegemeza kwa kiwiko kilicho chini ya bega, mwenzako anashika mguu wako wa juu kwenye goti, usawa wa kiuno chake akiwa amepiga goti. Unajiinua mpaka mwili unakuwa mstari mmoja, huku mguu wa chini ukipanda kuukuta wa juu, kisha unashuka kwa hesabu ya tatu. Ya nne ni hiyo hiyo, ila mwenzako anashika kifundo kwa mkono mmoja na mkono mwingine unaegemeza goti, na hapo mzigo unakuwa mrefu na mtu anajua ana paja. Wanaoanza ngazi hizi wanafanya marudio 3 hadi 5 tu kila mguu. Wiki ya tatu na ya nne 7 hadi 10. Baadaye 12 hadi 15, mzunguko mmoja, basi. Maumivu ya kinena yakizidi 3 katika 10 wakati wa zoezi, anashuka ngazi moja, hata kama ni nahodha.

Makosa ni yale yale kila mwaka. Kiuno kinaning'inia kama kamba ya kuanikia nguo. Bega linapanda sikioni. Mshikaji anapiga soga na kuusahau mguu wa mwenzake. Wengi hujiinua vizuri halafu wanajitupa chini puu, wakati faida kubwa iko kwenye kushuka. Ndoo, nawapigia kelele, ndoo! Watu wanaopita barabarani wanadhani tunateka maji.

Mavazi nayo yana sehemu yake. Wasichana wangu wengi ni Waislamu, na hata wasio Waislamu hawataki kuinuliwa mguu mbele ya wavulana wanaosubiri uwanja. Hata mimi nisingetaka. Kwa hiyo zoezi hili tunalifanyia nyuma ya maabara, kila mtu na taiti ndefu chini ya bukta, na mshikaji ni yule anayemchagua mwenyewe. Msimu wa kwanza sikulifikiria hilo, nikashangaa kwa nini mahudhurio yanapungua siku ya zoezi. Nadhani jambo hilo moja limenirudishia wachezaji wengi kuliko utafiti wote wa Norway.

Kwa asiye na mwenzake, kuna tyubu ya baiskeli. Tanga baiskeli hazikosi, na fundi wa pale njia panda ananipa tyubu zilizotoboka bure, akidhani nafungia kuni. Unafunga ncha moja kwenye mlingoti wa goli, nyingine kwenye kifundo, unasimama ubavu kwa mlingoti, unavuta mguu uje ndani, halafu unauacha tyubu iuvute nje taratibu, kwa hesabu ya tatu. Wadenmarki walijaribu mipira ya namna hiyo kwa wiki 8, wanaume tena, na nguvu ya breki ikapanda kwa asilimia 30. Kipa wangu anapenda hili kuliko yote kwa sababu halali chini kwenye vumbi. Kipa wangu ni mtu wa nafasi yake.

Kuhusu jina. Wanafunzi walisikia "Copenhagen" wakashika kipande cha mwanzo: "kopa". Kopa ikazaa "mkopo". Ndani ya mwezi mmoja lilikuwa jina rasmi. Madam, leo tunalipa mkopo? Nikaona jina limenizidi akili, nikalipokea. Miezi miwili kabla ya UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, tunakopa: mara tatu kwa wiki, ngazi zikipanda. Mashindano yakikaribia na msimu ukiendelea, tunalipa mara moja tu kwa wiki, siku ya Alhamisi, na siku hiyo inaitwa siku ya marejesho. Wana mama zao kwenye VICOBA, vikundi vya kuweka na kukopa, wanajua mtu akikosa marejesho kinachofuata. Wakati fulani nahodha alisimama na daftari akiita majina kama mweka hazina, na aliyekuwa hayupo aliandikiwa "deni" kwa kalamu nyekundu.

Nilijaribu mwaka mmoja kuacha marejesho mashindano yalipoanza, nikidhani wasichana wamechoka na nguvu tayari wanayo. Nguvu hiyo haikai. Wiki ya tano nilikuwa na vinena vitatu.

Na lazima niseme kuhusu kalenda yetu, maana zoezi peke yake halishindi upumbavu wa ratiba. Januari hadi Machi wasichana hawachezi karibu kabisa. Masika yakija uwanja unakuwa tope, mtu anateleza mguu mmoja unakwenda Pongwe na mwingine unabaki Tanga. Halafu ghafla Mei tunaanza mechi za kirafiki, na Juni ni mashindano, mechi karibu kila siku, wasichana wamelala kwenye madarasa ya shule ya watu. Msuli uliokuwa umelala miezi minne unaambiwa upige krosi siku tano mfululizo. Kwa hiyo Februari, hata kama hakuna mpira, sisi tuko nyuma ya maabara. Na mazoezi ya krosi nayahesabu: kila winga ana idadi yake ya mipira mirefu kwa siku, ikiisha anapiga pasi fupi, anung'unike asinung'unike.

Siku ya marejesho kabla ya kuanza napima. Mchezaji analala chali, miguu imenyooka, naweka mkono wangu kati ya vifundo vyake viwili, anabana kwa nguvu zake zote sekunde tano, halafu ananitajia namba ya maumivu ya kinena, sifuri hadi kumi. Sifuri hadi mbili kijani, acheze. Tatu hadi tano njano, nampunguzia. Sita kwenda juu nyekundu, anakaa na tunatafuta sababu. Kipimo hiki si changu, nacho kinatoka Denmark, na timu nzima inapimika kwa robo saa. Mwanzoni wote walisema sifuri. Timu nzima, sifuri tupu, huku wengine wanakunja uso. Waliogopa kuachwa. Ilinibidi nimchezeshe hadharani mtu aliyesema tatu, dakika 45, na nimpongeze, ndipo namba za kweli zikaanza kutoka.

Kipimo hicho kimenifundisha pia kwamba si kila kinena ni kinena. Mwaka jana kiungo wangu alilalamika maumivu ya chini, upande, wiki nzima. Akabana mkono wangu kwa nguvu mpaka nikasema basi: sifuri. Akaruka kwa mguu mmoja: hakuna kitu. Msuli haukuwa na kosa. Nikampeleka zahanati na matroni, wakapima mkojo, akarudi na vidonge vya maambukizi. Kama ningekuwa kocha wangu wa 2012 ningemwambia apumzike siku ziishe. Na kama ningekuwa mimi wa Jumatatu ile, ningemwongezea marudio.

Maumivu ya chini ya tumbo yenye homa, kukojoa kwa kuungua au kutokwa na damu isiyo ya kawaida yanakwenda hospitali, hayaji kwangu. Na kuna moja linalonitia hofu zaidi: maumivu ya ndani kabisa ya kinena yanayozidi akikimbia au akiruka mguu mmoja, yanayouma hata usiku amelala, hasa kwa msichana anayekula kidogo na ambaye hedhi imekatika. Huo unaweza kuwa ufa kwenye shingo ya mfupa wa paja. Huyo habani mpira, hafanyi ngazi yoyote, anasimama siku hiyo hiyo na kupelekwa apigwe picha. Ndiyo maana siku za kambi nasimama karibu na sufuria kuona nani anachota nini, na wasichana wananiita mama lishe. Acha waniite.

Kuna mmoja ambaye sikujua nimfanye nini mpaka nilipompeleka kwa mtaalamu wa fiziotherapia. Tangu mwishoni mwa 2021 wanafunzi waliojifungua wanaruhusiwa kurudi shuleni, na huyu alirudi mtoto akiwa na miezi saba, akanijia na viatu mkononi. Alikuwa straika kabla. Maumivu yake yalikuwa katikati kabisa, mbele, pale mifupa miwili ya nyonga inapokutana, ambapo ujauzito hulegeza. Mtaalamu alimpa mpira na pumzi: kubana kidogo, si kwa nguvu zote, pamoja na kukaza misuli ya sakafu ya nyonga. Wiki nne mpira tu. Wenzake walikuwa wanapanda ngazi yeye anabana mpira kando, mtoto amelala kwenye khanga kivulini, na mpira ukiwa mmoja tu siku hiyo timu inasubiri amalize ndipo icheze. Alifika ngazi ya nne mwezi wa tano. Mashindano ya mwaka huo yalimpita, akacheza ya mwaka uliofuata.

Yule winga wa kushoto wa mwanzo, aliyelia nyuma ya maabara, alichukua wiki kumi na moja kupona. Alikuwa ndiye mshikaji bora niliyewahi kuwa naye. Alishika miguu ya wenzake kama anashika mtoto mchanga. Amemaliza kidato cha nne na sasa yuko Muheza, ana timu ya mtaa, na mwezi uliopita alinitumia ujumbe wa sauti akiomba tyubu, eti mafundi wa huko wanaziuza.

Mimi mwenyewe? Nina miaka 34. Nafanya nusu Copenhagen Alhamisi pamoja nao, kulia marudio nane, kushoto kumi. Kulia hakujawahi kulingana. Nikipiga krosi siku ya kuwaonyesha, kesho yake napasikia, na kabla sijashuka kwenye baiskeli mkono bado unatafuta tandiko kwa mazoea.

Alhamisi iliyopita mvua ilinyesha, nikasema mkopo umeahirishwa, nikabaki ofisini kusahihisha. Walimu tulikuwa sita, wanaume wanne. Mlango ukagongwa, akaingia kabinti ka kidato cha kwanza, beki wa pembeni, amelowa, mwezi wake wa pili kwenye timu.

"Shikamoo walimu. Madam, nimejipima na mwenzangu. Kinena, kulia, nne."

Mwalimu wa hesabu akainua kichwa, akanitazama, akarudi kwenye madaftari yake. Nikamwuliza binti yuko ngazi ya ngapi. Ya tatu. Nikamwambia ashuke ya pili, krosi aache mpaka Jumatatu, na akamwite mwenzake aliyempima nimwone anavyoweka mkono.